Viazi Kumi na Viwili Ndani ya Kitenge

Kyondo, Jumapili alasiri
Mwisho wa Januari, 2018

Biira mwanangu,

Ukifungua kitenge hiki ukitafuta viazi, utakuta karatasi. Usinune kabla hujamaliza kusoma. Ndiyo, nimefungua begi lako. Nilikuwa naingiza shuka la pili, mkono ukagusa kitu kigumu chini ya nguo zako za ualimu, nikadhani umebeba mawe. Nikafungua. Viazi kumi na viwili, vyekundu, laini, kila kimoja umekifuta mpaka kinang'aa, vimefungwa kwenye kitenge changu cha zamani ambacho nimekitafuta tangu Krismasi.

Nilikaa kitandani kwako nikacheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka. Nikavitoa vyote. Najua mwalimu mkuu amekwambia nyuma ya nyumba yako kuna kipande cha kulima, na najua unataka kiote kitu cha kwetu. Lakini viazi hivyo havitapandwa Bwesumbu unakokwenda kufundisha. Niliwakataza ninyi nyote kutoa mbegu ya viazi hapa nyumbani, ila sikuwahi kuwaambia vizuri kwa nini. Wewe ulisikia katazo tu, ukalizunguka. Ningekuwa na umri wako ningefanya hivyohivyo, na kwa kweli nilifanya vibaya zaidi nikiwa na umri wangu mwenyewe.

Umekwenda na baba yako kuaga watu wa kanisa, na baba yako akianza kuaga watu, jua linazama. Nina alasiri nzima. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika utotoni, ng'ambo ya mpaka, kwa masista. Kikonzo nakiongea na nakiota usiku, lakini mkono wangu haukijui. Utakuta makosa. Yasahihishe kwa kalamu nyekundu ukipenda, ila usinirudishie daftari.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kuchemsha maji, wala za wanaume. Hayo umeyasikia mpaka siku hizi unayamalizia kabla yangu. Nataka kukuandikia habari za magaga.

Magaga unayajua kwa macho, umekua ukiyamenya. Kiazi kinatoka ardhini na vidonda vilivyokauka juu ya ganda, vya kahawia, vinakwaruza kidole kama goti la mtoto aliyeanguka juzi. Ndani hakina kosa. Ukimenya ganda nene kinaiva na kinalika. Lakini kipeleke sokoni Bwera uone. Wale wanunuzi wanaovuka mpaka kutoka Kasindi wanakigeuza mara moja, wanakirudisha kwenye rundo, halafu wanajipangusa mikono kwenye suruali huku wanakutazama. Mimi nimetazamwa hivyo. Nilikuwa nasugua viazi vyangu kwa udongo mwekundu uliolowa ili magaga yasionekane, na bado walinitazama hivyo. Udongo ule ukikauka unabanduka, na unabanduka mbele ya mnunuzi.

Mbegu hiyo nyekundu nilikuja nayo mimi. Kwetu, msichana akienda kuwasha moto wake mwenyewe, mama yake anamfungia mbegu ya kwao, ili chakula cha kwanza atakachovuna kiwe na ladha anayoijua. Mama yangu alinifungia ndani ya kitenge hichohicho ulichonichukulia. Wakati ule ndege wake walikuwa wa kijani, sasa wamechujuka hata macho hawana. Nilivuka mpaka nimekibeba kichwani, na askari mmoja akaniambia nifungue. Alipoona viazi akasema, "Pita, mama, haraka!" Hakuna aliyewahi kuniita mama kabla ya siku ile. Nilipanda mbegu hiyo hapa Kyondo, shamba la juu, na miaka mingi ilitoka safi, kubwa, hata bibi yako mzaa baba, ambaye hakunipenda haraka, aliipenda haraka.

Kisha ukaja msimu mmoja wa jua kali. Mvua ilikatika wakati viazi vinaanza kutunga, na tulipochimba, vichache vilikuwa na magaga. Sikuogopa. Dawa nilikuwa nayo, kwa sababu mama yangu alikuwa na dawa moja ya mambo yote duniani, nayo ni majivu. Sisimizi kwenye maharage, majivu. Chawa wa kuku, majivu. Kitunguu kinachooza, sufuria iliyoungua, meno ya mtoto, majivu. Basi kila asubuhi nilizoa meko, nikapanda na ndoo mpaka shamba la juu, nikamwaga kwenye mistari ya viazi.

Msimu uliofuata magaga yakaongezeka, nami nikaongeza majivu. Ya jikoni kwetu hayakutosha, nikaanza kupita nyumba kwa nyumba nikiomba. Wewe ulikuwa shule ya bweni, hukuona kioja hicho. Watu walidhani natengeneza sabuni. Viazi vilivyotoka vibaya niliwapa mbuzi vibichi, na samadi ya mbuzi nikairudisha palepale, nikijisifu kwamba kwangu hakipotei kitu. Baba yako alinitazama misimu mitatu, halafu siku moja akauliza taratibu, "Mama Masika, hii majivu inasaidia kweli?" Nikamwambia aangalie kahawa yake. Akaenda kuangalia kahawa yake, na hakuuliza tena. Mimi nikisema kwa ukali sinyamazishwi, nanyamazisha wengine. Mlilijua hilo ninyi watoto kabla yangu.

Hapo ndipo dada yako Masika akaolewa Bwesumbu.

Unakumbuka sherehe, kwa hiyo sitakusimulia. Nakusimulia usichokiona. Siku tatu kabla, nilikwenda shamba la juu na kuchagua mbegu ya kumfungia. Nilikaa chini katikati ya rundo lote. Chenye gaga nilikitupa kushoto, kilicho laini nilikiweka kulia. Nilichagua siku nzima mpaka mgongo ukakataa. Nilipata nusu gunia ya viazi visivyo na doa, nikavifuta kimoja kimoja kwa kitambaa, kama ulivyofuta wewe. Na moyoni nilijua, Biira. Sikujua habari za udongo na vijidudu, hayo nilikuja kuambiwa baadaye. Lakini nilijua kwamba mtu anayeamini mbegu yake hahitaji kuichagua siku nzima. Nilitaka sana Masika aondoke na kitu changu. Ningempa kitu kingine, blanketi, kuku, lakini blanketi hata mama wa kambo anatoa. Nilitaka mbegu.

Gunia lilipelekwa na Haji Sulaiti katika lori lake, pamoja na godoro na masufuria. Haji unamjua, ndiye atakayekubeba kesho. Wakati huo alikuwa na kazi nzuri Bwesumbu, watu wa huko walimpa kahawa yao aishushe Kasese, kila msimu, bila kuandikiana, kwa sababu walimwamini.

Masika alipanda mbegu yangu kwenye kipande alichopewa na mama mkwe wake, udongo uliokuwa haujawahi kuona magaga tangu enzi za babu zao. Alipochimba, yalikuwa yamejaa. Msimu uliofuata yakatoka tena palepale, hata kwenye mbegu ya kwao. Mama mkwe wake hakupiga kelele. Alisema tu kwamba huyu binti ana mkono mbaya kwa mbegu. Kuanzia hapo, siku ya kupanda ikifika, wanawake wote wa mji ule wanapanda shambani, na Masika anabaki jikoni kuwapikia. Kupalilia aliruhusiwa, kubeba maji aliruhusiwa, lakini mbegu hagusi. Ni mtoto wangu wa kwanza huyo, alijua kushika jembe kabla hajaota meno yote.

Alinipigia simu. Nilikuwa hapo nje, karibu na tangi la maji, palipo na mtandao.

"Mama," akasema, "ile mbegu uliitoa mu shamba gani?"

Nikasema, "Ya juu. Ile safi."

Akauliza tena, polepole, "Haikukuwa na kitu, mama?"

"Haikukuwa na kitu. Uliza Haji alichanganya na magunia ya nani."

Nakuapia sikuwa nimepanga kulisema. Lilitoka lenyewe, jepesi, na lilipokwisha kutoka niliona linafaa. Haji anabeba viazi vya watu wengi. Lori lake lina vumbi la kila mlima. Nani angepinga? Baba yako alikuwa amekaa kizingitini akinoa kisu cha kupogolea, alisikia kila neno. Alikohoa. Hicho ndicho alichochangia, na mimi kikohozi kile nilikisikia miaka miwili.

Neno hilo lilifika Bwesumbu kabla hata sijapoa. Watu wa huko wakaanza kusema lori la Haji linasambaza magaga. Hawakugombana naye. Msimu wa kahawa ulipofika, wakaita lori lingine. Alipita hapa kwetu mara nyingi miaka hiyo, akanywa uji wangu, akauliza habari za Masika, nami nikamjibu vizuri, nikamwongezea sukari. Sukari nyingi mno. Mpaka leo nikimwekea sukari mkono wangu unakumbuka.

Sasa sikiliza nilivyozinduliwa. Kikundi cha kahawa cha baba yako kililetewa mtu wa kilimo. Tulimwita bwana shamba ingawa alikuwa msichana, mdogo hata kuliko wewe kwa umbo, ametoka mbali, Kikonzo hajui, kwa hiyo alituongelea Kiswahili cha kubahatisha. Alikuja kwa ajili ya kahawa. Mimi nikampitisha kwenye shamba la juu ili nimwonyeshe ninavyopambana. Nikamwonyesha majivu kwa fahari kabisa. Akachimba kiazi kimoja, akakikata, akakinusa, akaokota udongo akausugua kwenye vidole.

"Mama, umeweka majivu mingi sana," akasema.

"Nimeweka ya kijiji muzima," nikamwambia, nikitegemea sifa.

"Wacha. Hii magaga inaletwa na kadudu kadogo, jicho haioni, inakaa ndani ya udongo. Kenyewe hakapendi udongo ya uchachu. Majivu inatoa uchachu. Mama, wewe unakatandikia kitanda."

Nilipandwa na hasira ambayo sijui niiandikeje. Nikamwambia, "Mutoto, weye ulizaliwa lini, na majivu yangu ilianza lini?" Hakukasirika. Alikaa juu ya jiwe akanieleza yote, kwamba mbuzi akila kiazi kibichi chenye magaga, kile kidudu kinatoka upande wa pili kizima na kinarudi shambani na samadi. Kwamba ardhi ikikauka wakati viazi vinatunga, chenyewe kinafurahi. Kwamba hakuna dawa ya kunyunyiza ikaisha, ila kupumzisha shamba kwa mazao mengine, miaka, na kuanza na mbegu iliyotoka kwenye udongo mzima.

Nikamuuliza swali moja tu. "Na kiazi kikiwa laini, hakina gaga hata moja, lakini kimetoka mu shamba kama hili?"

Akasema, "Kinabeba, mama. Kwa ganda, kwa macho yake, kwa kaudongo kadogo. Kinaweza kufika safi na kikaanzisha mambo huko."

Alipoondoka nilibaki shambani. Nilitazama mistari yangu yote, myeupe kwa majivu, nikalia, na sikulia kwa ajili ya viazi.

Siku ya soko iliyofuata nilishuka Bwera. Haji alikuwa amekaa pale anapokaa siku zote, na chai yake nyeusi na chapati, lori limeegeshwa nyuma yake. Nilisimama. Nilimwambia yote bila kuvuta pumzi, mbegu, simu, neno nililolisema. Aliendelea kutafuna. Alimeza, akanywa chai, akafuta ndevu.

"Mama Masika," akasema, "mimi nilifikiri hao watu wamenichoka sababu ya uzee. Nilipaka hata lori rangi mpya."

Ningetamani anitukane, ingekuwa nafuu.

Akasimama, akalipa chai. "Sasa panda gari."

"Naenda wapi, Haji?"

"Hii maneno umeniletea mimi, mimi nafanya nayo nini? Nitaikunywa na chai? Utaisema kule mbele ya wenyewe. Panda."

Nilikuwa na nguo za sokoni na miguu yenye matope. Nilipanda hivyohivyo. Njia nzima, Bwera mpaka Kasese, Kasese mpaka milima ya Bwesumbu, hakuongea nami ila mara moja aliposimama kuswali, akaniambia niombe na mimi, kwa Mungu wangu, kwa sababu yeye anaomba asinipige. Sikujua kama anatania. Niliomba kweli.

Tulimkuta mzaa mwenzangu, yule mama mkwe wa Masika, shambani anapalilia, na Masika karibu yake. Niliongea Kikonzo pale, nakutafsiria. Nilisema mbegu ilikuwa mbaya kutoka kwangu. Nilisema nilijua ina shaka, nikaichagua ili ionekane nzuri. Nilisema Haji hana kosa, lori lake halina ugonjwa, na mkono wa Masika hauna ugonjwa, ugonjwa ulikuwa shambani kwangu na uongo ulikuwa mdomoni kwangu. Nilisema nikitazama jembe la mzaa mwenzangu, kwa sababu uso wake sikuuweza.

Mzaa mwenzangu alisema, "Mimi nitakujibu baadaye. Mwombe huyu kwanza."

Nikamgeukia Masika. Nilidhani atanilaumu kwa miaka miwili ya kukaa jikoni, au kwa maneno ya wanawake wenzake. Hakutaja hata moja. Alisema, "Mama, nilikuuliza mara mbili." Akarudia, "Nilikuuliza mara mbili." Kisha akalia, nami nikalia, na Haji akaenda kukagua tairi ambazo hazikuwa na tatizo.

Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko majivu, kuliko soko, hata kuliko kazi ya Haji ambayo ilirudi. Mara ile ya kwanza niliweza kujitetea kwamba nilishtushwa. Lakini mtoto wangu aliuliza tena, polepole, akanipa nafasi, akanifungulia mlango kabisa, nami nikaufunga. Kama kuna kitu ninataka uwe nacho katika barua hii ni hicho. Utakuwa mwalimu. Watoto watakuuliza kitu, utajibu vibaya kwa haraka au kwa kiburi, kama binadamu. Sikuogopei hilo. Halafu mmoja atainua mkono tena. Huyo wa mara ya pili, mwanangu, msikilize.

Nilidhani siku ile nitakufa kwa aibu. Badala yake nilipewa sahani. Mzaa mwenzangu alipika viazi vya shamba lake la juu, safi, na sombe ya majani ya muhogo, akaniketisha karibu naye. Jibu lake alinipa wakati tunanawa. Alisema, "Nilimwita mwanao mkono mbaya bila kuangalia udongo. Basi tuko wawili." Haji alikula sahani mbili, na kabla ya kuondoka watu wanne walikuwa wamekuja kumuuliza nafasi kwenye lori. Kurudi aliongea njia nzima, sikupata hata upenyo wa kusema pole.

Usinihurumie sana. Nina furaha siku hizi, nataka ulijue hilo ukiwa mbali, usije ukanifikiria nimekaa na uchungu. Shamba la juu lina mahindi na maharage, msimu wa nne sasa. Mbuzi wanakula majani. Majivu yanakwenda chooni na kwenye migomba, na migomba imenenepa kama watu wa mjini. Nyuma ya jiko nimebaki na mstari mmoja mfupi wa viazi vyekundu vya mama yangu, kwa kula tu. Mwaka huu nusu vimetoka safi. Nusu vina magaga. Udongo umeanza kunisamehe, polepole, na mimi sina haraka. Mbegu hiyo na udongo wake mgonjwa tutabaki hapa pamoja, tumezoeana. Siku ya kupanda kule Bwesumbu, anayeshika kikapu cha mbegu mbele ya wanawake wote ni Masika. Aliniambia mwenyewe kwa simu, akijaribu kuficha anavyojivuna, na akashindwa.

Ndiyo maana nimevitoa viazi vyako. Umechagua vizuri, nilivigeuza vyote, sikuona doa. Na mimi sikuona doa kwenye mbegu ya Masika. Ungevipanda nyuma ya nyumba ya mwalimu, umbali wa kutembea kutoka kwa dada yako, na mtu mmoja tu angechimba gaga moja na kuuliza huyu ametoka kwa nani. Masika amekaa jikoni miaka miwili kwa sababu yangu. Hatakaa hata siku moja nyingine kwa sababu ya mapenzi yako kwa viazi vya bibi.

Lakini kitenge nimekuachia. Usikifunge nguo, usikifanye pazia. Wiki iliyopita nilimpigia mzaa mwenzangu nikamwambia Biira amepangiwa shule huko. Unajua alinijibu nini? Alisema, "Aje na kitambaa kitupu." Mvua za Machi zikikaribia, nenda kwake na kitenge hicho. Usiseme maneno mengi, mpe tu. Atakujazia mbegu ya shamba lake la juu, na nimeomba, naye amekubali, kwamba atakayeichagua na kuifunga ni Masika. Mama yangu alinijazia mimi kitenge hicho, mimi sikuweza kukujazia wewe. Dada yako ataweza. Nikilifikiria hilo napata raha ambayo sikuitegemea, nimekaa hapa kitandani kwako naandika huku natabasamu kama mjinga.

Nitakukosa, Biira. Nitakosa unavyoimba vibaya ukifagia. Nitakosa hata unavyonisahihisha. Nimejivunia kila mtihani wako ingawa nilijifanya nauliza tu matokeo ya mvua. Naogopa kidogo, kama mama, lakini furaha ndiyo kubwa, na sitaki uondoke bila kujua hivyo.

Nasikia sauti ya baba yako bondeni, anaaga mtu tena. Naacha hapa, maana sufuria iko motoni.

Mama yako,
aliyekuzaa na kukupekua begi.

Nimeongeza hapa baada ya kula, karatasi ilikuwa na nafasi. Viazi kumi na viwili, nimevimenya ganda nene, maganda nimeyatupa motoni, nikavipika kwa karanga. Baba yako alikula vitatu. Mimi viwili. Vilivyobaki umevimaliza wewe, ukafuta sahani kwa kidole, ukasema, "Mama, ladha hii Bwesumbu nitaipata wapi?" Nilitaka kukujibu palepale, nikajizuia, kwa sababu jibu lilikuwa tayari limefungwa ndani ya begi lako.